Safari ya Masomo ya Ng'ambo: Historia Fupi kutoka Lodwar na Kakuma



Kila mwaka kijitabu hiki huleta kwenu hesabu ya fedha, habari za misiba tuliyosaidiana, na habari za karo. Mwaka huu twaongeza kurasa chache za historia. Sababu yake mwaijua. Katika vikao vyetu, na zaidi baada ya vikao, watu wanapokuwa wameketi kivulini, limezuka swali lisilotaka kulala: je, yafaa chama kuendelea kumsaidia kijana anayekwenda kusoma ng'ambo? Wako wazee wasemao kwamba kijana aliyepanda ndege amekwisha kupotea. Mbuzi aliyepelekwa malisho ya mbali hurudi na mimba, lakini mtoto aliyepelekwa Kanada harudi hata na salamu. Wako na vijana wasemao kwamba asiyekwenda ng'ambo hakusoma kitu. Maneno haya mawili, kwa maoni yetu, yamepita pembeni ya jambo lenyewe. Watu hubishana juu ya kuondoka na juu ya kurudi, wala hawaulizi yanayompata mwanafunzi katikati, yaani tangu siku anaposhuka katika nchi ya watu mpaka siku anapoweza kuketi darasani akasikia na kufahamu.

Sisi tumejaribu kuyatazama hayo ya katikati. Na tuliloliona twalisema mapema, ili msomaji asisumbuke kulitafuta: kilichowashinda wengi huko si baridi wala vitabu, bali ni kukaa mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyejitwika kazi ya kuwapokea. Palipokuwa na mpokeaji masomo yalikwenda. Alipokosekana, hata mwenye akili nyingi aliyumba.

Kwanza neno moja la lugha. Katika Kiturkana mtu wa kabila jingine na adui huitwa kwa jina moja, emoit, na wakiwa wengi ni ngimoe. Hatuoni haya kwa jambo hilo, maana nchi kavu yenye kugombewa malisho na visima haikutufundisha vinginevyo. Lakini kila mzee ajua kwamba neno hilo si hukumu ya milele. Mgeni akiingia bomani, akapewa maziwa, akaomba mbuzi na kupewa, kisha naye akaombwa na kutoa, amekwisha kuwa rafiki, na urafiki huo wa mifugo huweza kurithiwa na watoto. Njia ya kutoka ugenini, basi, kwetu ni kuombana na kupana. Tafadhali likumbukeni jambo hili, kwa kuwa tutalirudia tutakapofika Kanada.

Sasa tutazame mwaka 1959. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilimwondoa Jomo Kenyatta katika gereza la Lokitaung, alikomaliza kifungo chake, ikamweka kizuizini hapa Lodwar, ambako alikaa mpaka mwaka 1961 alipohamishwa kwenda Maralal. Watu wengi humkumbuka hapa kama mfungwa tu. Sisi twapenda kumkumbuka pia kama mwanafunzi aliyepata kukaa ng'ambo miaka mingi kuliko karibu Waafrika wote wa Kenya wa wakati wake. Alifika London mara ya kwanza mwaka 1929. Alirudi huko mwaka 1931, wala hakurejea Kenya mpaka mwaka 1946. Alisoma katika Chuo cha Woodbrooke mjini Birmingham, akafika Moscow, na hatimaye akasoma elimu ya mila za watu chini ya Profesa Malinowski katika chuo cha London School of Economics. Fedha zilimpungukia, na kodi ya chumba ilimsumbua mara kwa mara. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifanya kazi ya shamba huko Sussex.

Alijifunza nini katika taabu hiyo? Kitabu alichokitoa mwaka 1938, Facing Mount Kenya, hakikuwa juu ya Uingereza hata kidogo. Kilikuwa juu ya Wagikuyu. Yaani alivuka bahari ili aweze kuitazama nyumba ya baba yake kwa macho ya mtu anayetakiwa kuieleza. Twaona hili huwapata wanafunzi wengi. Nyumbani hapana anayekuuliza kwa nini mwaoa kwa ng'ombe, au kwa nini mtoto hapiti mbele ya wazee wanaokula. Mambo hayo yapo tu, kama mto Turkwel ulivyopo. Ng'ambo utaulizwa juma la kwanza, tena na mtu ambaye hana nia mbaya, nawe utagundua kwamba huna jibu. Aibu ya kukosa jibu hilo ni mwanzo wa elimu, ingawa wakati ule haionekani hivyo.

Mwaka huo huo wa 1959, mwezi wa Septemba, ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani. Hizo ndizo safari zilizopangwa na Tom Mboya pamoja na marafiki zake wa Marekani, nazo ziliendelea mpaka mwaka 1963, zikachukua vijana wapatao 800 wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1960 jamaa ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kuzisaidia. (Baba yake Rais Barack Obama naye aliondoka mwaka 1959 kwenda Hawaii, lakini hakuwamo katika ndege ile, ingawa watu hupenda kusimulia hivyo.) Wangari Maathai alikwenda mwaka 1960, akasoma chuo cha masista mjini Atchison, katika jimbo la Kansas. Yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi walivyosimama njiani, katika jimbo la Indiana, wakaingia mkahawani kutafuta kinywaji, nao wakaambiwa wakanywe nje kwa kuwa ni weusi. Kisha akafika chuoni, ambako masista walimpokea kama mtoto wao. Katika safari moja alikutana na nchi mbili, na nchi zote mbili zinaitwa Marekani. Twataja habari hii kwa sababu kijana anayesafiri leo hana budi kuambiwa yote mawili. Anayeambiwa la mkahawa tu huenda na chuki, na anayeambiwa la masista tu huvunjika moyo siku ya kwanza ya kudharauliwa.

Turkana haikuwa na sehemu kubwa katika safari zile. Ilikuwa wilaya iliyofungwa: mtu wa nje hakuingia bila kibali, na shule zilihesabika kwa vidole. Tiketi ya ndege ya Mboya ilikuwa cheti cha shule ya juu, na cheti hicho kilikuwa mbali na mchunga ngamia kuliko New York yenyewe. Mwaka 1961, wakati wa njaa kubwa, mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patriki kutoka Ireland waliingia Turkana, nao pamoja na kugawa chakula walianza kujenga shule na zahanati. Mwaka 1971 serikali ya Kenya iliondoa ada ya shule za msingi katika wilaya kavu. Kidogo kidogo watoto wakatoka mabomani wakaingia mabweni.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana safari ya ng'ambo ya mtoto wa Turkana huanzia Lodwar wala si uwanja wa ndege. Mtoto aliyelala juu ya ngozi pembeni ya mama yake anapewa kitanda cha chuma katika chumba cha watoto arobaini. Anaamshwa kwa kengele. Anakula mahindi na maharagwe badala ya maziwa. Anaambiwa aseme Kiswahili na Kiingereza, na mwalimu wake huenda ametoka Kitale au Kakamega. Lakini badiliko kubwa kuliko yote halionekani kwa macho. Bomani mtoto hufundishwa kwa kutazama. Humfuata kaka nyuma ya mbuzi, huona anavyosoma nyayo mchangani, naye hufanya vivyo hivyo. Akikosea hupigwa kofi au huchekwa. Hamwulizi mzee maswali, na mzee anaposema yeye hutazama chini. Kunyamaza ni adabu, na mtoto anyamazaye huhesabiwa kuwa ana akili. Shuleni anatakiwa kunyosha kidole. Basi alipokwisha kuzoea kunyosha kidole na kurudia maneno ya mwalimu kama yalivyoandikwa ubaoni, alidhani amekwisha kuijua shule. Kumbe atakapofika chuo cha ng'ambo atageuzwa tena mara ya tatu, kama tutakavyoona.

Wakati watoto wa Turkana walipokuwa wakijifunza ugeni huo Lodwar, ugeni mwingine mkubwa zaidi ulikuja kwa miguu upande wa kaskazini. Mwaka 1987 na baadaye, maelfu ya wavulana walikimbia vita vya kusini mwa Sudan wakaenda Ethiopia. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka walifukuzwa huko, wakavuka mto Gilo wakipigwa risasi, na wengi walikufa maji. Mwaka 1992 waliosalia walifika Kenya, wakawekwa Kakuma karibu na mto Tarach. Kambi iliyoanza kwa ajili yao iliongezeka kwa Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016, ina watu wanaokaribia 300,000. Wazee waliokuwapo wanakumbuka wavulana wale walivyoketi kusoma chini ya miti, vidole vyao vikiandika mchangani. Kati yao palienea msemo kwamba elimu ndiyo mama na baba. Kwa mtoto asiyejua kama mama yake yu hai, maneno hayo hayakuwa pambo.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2000 Marekani iliwachukua wapatao 3,600 kati yao, na safari zikakatizwa na mashambulio ya Septemba 2001. Kabla ya kuondoka waliwekwa darasani siku chache wafundishwe maisha ya huko: jiko la umeme, choo cha ndani, namna ya kuvuka barabara. Donge la barafu lilipitishwa mkono kwa mkono ili wajue baridi ni kitu gani. Tumelifikiri sana donge lile. Lilikuwa somo jema, wala hatuwacheki waliolibuni. Lakini barafu mkononi huyeyuka kabla ya somo kwisha, na mwanafunzi hutoka nje penye jua la Kakuma akidhani ameyajua majira ya baridi.

Yaliyowapata baadaye yalitofautiana kwa jambo moja, nalo ni umri ulioandikwa katika karatasi zao. Wengi hawakujua siku ya kuzaliwa, wakaandikiwa tarehe 1 Januari. Aliyehesabiwa kuwa hajatimiza miaka 18 alipelekwa katika familia ya kumlea, akaingia shule ya sekondari, akawa na mtu wa kumwuliza usiku. Aliyehesabiwa kuwa mtu mzima alipewa nyumba ya kukaa na wenzake, msaada wa miezi michache, na deni la nauli ya ndege la kulipa. Ilimpasa kutafuta kazi upesi, na mara nyingi ilikuwa kazi ya usiku kiwandani au ghalani. Yeye aliyesema elimu ni mama yake alijikuta anamtembelea mama huyo kwa saa mbili jioni, akiwa na usingizi. Katika kundi la kwanza alikuwamo Lopez Lomong, aliyekaa Kakuma miaka kumi, akapokewa mwaka 2001 na familia moja ya Tully katika jimbo la New York, akasoma mpaka chuo kikuu cha Northern Arizona, na mwaka 2008 akabeba bendera ya Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing. Twamtaja kwa furaha. Lakini twawaomba wanachama wasiseme tu kwamba alikuwa na bidii. Bidii walikuwa nayo wote, maana asiye na bidii hakufika Kakuma. Yeye alipata na nyumba.

Tufike Kanada sasa. Huko liko shirika la wanafunzi wa vyuo vikuu liitwalo World University Service of Canada, ambalo tangu mwaka 1978 limekuwa likiwaleta wakimbizi kusoma. Limekwisha kuwachukua zaidi ya 2,000, na kambi za Kenya ni miongoni mwa zilizotoa wengi. Hapa kwetu kazi ya kuwachagua imefanywa na Windle, shirika lililotokana na kazi ya Hugh Pilkington, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1986. Mwombaji hutazamwa matokeo ya mtihani, hupimwa Kiingereza, huulizwa maswali, kisha akichaguliwa hukaa miezi mingi akitayarishwa. Wanaoomba ni wengi na wanaopita ni wachache mno. Wasichana walikuwa wachache zaidi, kwa kuwa msichana wa kambini huchota maji, hupika, hulea wadogo zake, ndipo afungue daftari gizani; ndiyo maana shule ya bweni ya wasichana ya Morneau Shepell pale Kakuma ilipofunguliwa ilikuwa jambo kubwa kuliko majengo yake yalivyoonekana.

Lakini linalotuvutia sisi ni mpango wenyewe ulivyo. Katika chuo kimoja kimoja kuna kamati ya wanafunzi, na mara nyingi fedha hutoka katika mchango mdogo unaotozwa kila mwanafunzi wa chuo pamoja na ada yake. Kamati hiyo ndiyo inayomngoja mgeni uwanjani. Humpeleka kununua koti na viatu vya theluji, humfungulia hesabu benki, humwonyesha basi, humkumbusha siku ya daktari. Anafika kabla ya masomo kuanza, mwishoni mwa majira ya joto, majani yakiwa bado mabichi. Theluji inapokuja yeye tayari ana watu wa kumcheka na kumfundisha kutembea juu yake. Tena anafika akiwa na haki ya ukaaji wa kudumu, si kwa kibali cha muda. Wazee watatambua kitu hapa. Kamati hii ni mfano wa boma linalompokea mgeni: imetoa kabla ya kuombwa, na mwaka wa pili mgeni yule huketi katika kamati akimngoja mwenzake uwanjani. Amekwisha kutoka katika ungimoe. Tofauti kati ya kijana huyu na yule wa ghalani haikuwa akili, wala rangi, wala lugha. Wote wawili walitoka katika vumbi moja.

Hata hivyo darasani pana mlima ambao kamati haiwezi kumpandia. Tulisema mwanafunzi hugeuzwa mara ya tatu. Bomani alinyamaza na kutazama. Bwenini alirudia aliyoambiwa. Chuo cha ng'ambo kinamtaka aseme mwalimu amekosea wapi. Profesa anataka aitwe kwa jina lake la kwanza. Anataka atazamwe machoni anapozungumza. Akiuliza swali, kijana wetu hutazama chini kwa adabu, naye profesa huandika kwamba mwanafunzi huyu hakusoma. Kisha akipewa kazi ya kuandika, kijana huyaleta maneno ya kitabu neno kwa neno, kama alivyosifiwa kwa kuyakariri Lodwar. Huko huambiwa ameiba. Tunajua vijana waliolia kwa neno hilo, maana kwao kurudia maneno ya mkubwa bila kuyapunguza ilikuwa heshima, na mwizi kwetu ni mtu anayevizia mifugo usiku. Hakuna mtu aliyekuwa amewaambia mapema kwamba huko maneno yana mwenyewe kama ngamia mwenye alama. Wakielezwa hivyo hufahamu mara moja, kwa kuwa alama za mifugo ni elimu waliyozaliwa nayo. Ni ajabu kwamba mafundisho ya kabla ya safari hutumia saa nyingi juu ya jiko na saa chache juu ya jambo hili.

Mwaka 1955 mtaalamu wa Norway, Sverre Lysgaard, alitoa habari za watu 200 wa nchi yake waliopata kusoma au kufanya kazi Marekani. Aliona kwamba mgeni hufurahi mwanzoni, kisha baada ya miezi kadhaa moyo huanguka, halafu huinuka tena, kama mtu anayeshuka bonde na kupanda ng'ambo ya pili. Wengine baadaye wamelipinga bonde hilo, na sisi pia twaona halikuchorwa kwa ajili ya Kakuma. Mnorway yule hakupigiwa simu saa tisa ya usiku na shangazi asemaye kwamba posho imepunguzwa. Kijana wetu hupigiwa. Bonde lake halingoji miezi; hufunguka kila simu inapolia. Yeye ana msaada wa kumtosha kula na kusoma tu, lakini hapa nyumbani watu husema yuko ng'ambo, na kwao ng'ambo ni mahali penye fedha. Akituma, hupungukiwa vitabu. Asipotuma, hawezi kusoma kwa uchungu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha hufika upesi, na ombi nalo hufika upesi vile vile. Hatusemi asiombwe. Kuombwa ndiko kunakomfanya aendelee kuwa mtu wa kwetu, na kijana asiyeombwa na mtu yeyote huko mbali ndiye aliyepotea kweli. Twasema tu kwamba wanaomwomba wajue kiasi cha alicho nacho, na mwaka wa kwanza wamwache apumue.

Imetupasa pia kuandika jambo ambalo si la kupendeza. Vijana wa Turkana wameishi miaka zaidi ya thelathini kando ya kambi ambayo ndani yake mlikuwa na milango ya kwenda Kanada, Marekani na Australia, na milango hiyo haikuwa yao. Ufadhili wa wakimbizi ni wa wakimbizi, ndivyo ulivyoandikwa. Mama aliyeuza kuni kambini aliona mtoto wa jirani yake mkimbizi akipanda ndege, na mtoto wake mwenyewe, mwenye alama zile zile, akirudi kuchoma makaa. Uchungu huo umezaa maneno makali kati ya wenyeji na wageni, na si maneno tu. Sisi hatuuoni kuwa wivu wa bure. Lakini historia yatutaka tuseme na upande wa pili: mkimbizi yule alilipa nauli yake kwa kupoteza nchi, na hakuna mzazi wa Turkana ambaye angetaka kununua ufadhili kwa bei ile. Tena milango yenyewe haina uhakika. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha kuwapokea wakimbizi, na waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo wakaifungua.

Baadhi ya milango sasa imefunguliwa hapa hapa. Kuanzia mwaka 2010 Wajesuti walileta masomo ya stashahada kambini Kakuma kwa njia ya kompyuta, pamoja na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani, na Chuo Kikuu cha Geneva nacho kilikuja na masomo yake. Mwaka 2017 Lodwar ilipata Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, chini ya Masinde Muliro. Mwanafunzi wa Kakuma aliyesoma na Geneva bila kuondoka kambini alikutana na mambo yale yale ya profesa na maneno ya kuibwa, isipokuwa theluji.

Wala isidhaniwe kwamba elimu huenda upande mmoja. Kati ya mwaka 1948 na 1950 Mwingereza Philip Gulliver alikaa Turkana akijifunza mila za mifugo, na mwaka 1955 akatoa kitabu, The Family Herds. Yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa ng'ambo, na wazee wetu ndio walimu. Ombaomba ya Waturkana ilimchosha mwanzoni kama inavyowachosha wageni wote, mpaka mtu afahamu kwamba anaalikwa. Mwaka 1984, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu la mvulana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, naye hakuwa na shahada yoyote. Chuo kikuu cha Marekani kilimpa ya heshima mwaka 2021. Na mwaka 2011, huko Lomekwi, Mturkana aitwaye Sammy Lokorodi aliwasaidia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stony Brook kuona zana za mawe za miaka milioni 3.3, ambazo zilikuwa za kale kuliko zote zilizokuwa zimejulikana. Macho yaliyofundishwa kutafuta nyayo za mbuzi yalitambua jiwe lililochongwa. Wanafunzi wa Marekani huja katika taasisi ya Bonde la Turkana iliyoanzishwa na Richard Leakey, hunywa maji mengi, huungua ngozi, huogopa nge, na baada ya majuma machache huanza kutazama chini kama watoto wetu wanavyotazama.

Wazee waulizao habari za kurudi twawajibu kwa mfano mmoja wa mtu anayejulikana. Valentino Achak Deng alitoka Kakuma mwaka 2001 akaenda Atlanta, ambako aliteseka sana. Maisha yake yaliandikwa katika kitabu kilichotoka mwaka 2006, na fedha za kitabu hicho zikajenga shule ya sekondari katika kijiji alichozaliwa, Marial Bai, iliyofunguliwa mwaka 2009. Wengine hawakurudi, na ada za wadogo zao zimelipwa kila muhula kutoka Toronto. Sisi hatujui ni nani kati ya hawa aitwe aliyepotea.

Basi katika mkutano mkuu ujao kamati italeta mbele ya wanachama mambo mawili, nanyi mtayakata mpendavyo. La kwanza, kwamba msaada wa chama kwa kijana anayesafiri usiishie katika nauli na koti, bali utolewe baada ya jina na anwani ya mtu atakayempokea huko kuandikwa katika daftari la chama. La pili, kwamba wale waliokwisha kusoma ng'ambo na sasa wapo Lodwar, Kakuma au Nairobi waombwe kuketi na wanaoondoka siku tatu kabla ya safari, wawaeleze habari za profesa, za maneno yenye alama, na za simu ya usiku. Jamaa wa msafiri nao waketi katika siku ya tatu. Majina ya wanaoondoka mwaka huu yako kwa katibu.